Poka ya Texas: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoanza Kujifunza

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayejua kushika karata, ambaye pengine amecheza arubastini barazani kwa miaka mingi, lakini hajawahi kuketi kwenye meza ya poka. Mchezo unaozungumziwa ni Texas Hold'em, ambao humu utaitwa poka ya Texas. Kete zinazotajwa ni za kuhesabia tu, na kila kilichoelezwa hapa kinaweza kujifunzwa kwa vizibo vya soda bila senti moja kubadilisha mkono.

Je, hii ndiyo poka tuliyocheza shuleni Kenya?

Sivyo, na ni vyema jambo hilo lieleweke mapema, kwa sababu jina moja limechanganya watu wengi. Mchezo ambao vijana wengi wa Kenya huuita poka, au kadi, ni wa kumaliza karata mkononi: mchezaji hufuata namba au aina ya karata iliyo juu, na hutangaza kwamba yuko kadi anapokaribia kumaliza. Katika poka ya Texas hakuna anayemaliza karata. Kila mtu hupewa karata mbili tu za siri, na karata nyingine tano huwekwa wazi katikati ya meza, zikiwa mali ya wote. Mashindano yapo katika dau, si katika kuteremsha karata.

Lengo la mchezo ni lipi hasa?

Lengo ni kulichukua fungu, yaani kete zote zilizokusanyika katikati ya meza katika mkono mmoja, yaani duru moja tangu karata zigawiwe hadi fungu lichukuliwe. Kuna njia mbili za kulichukua. Ya kwanza ni kubaki hadi mwisho na kuonyesha mpangilio wa karata tano ulio bora kuliko wa wengine. Ya pili ni kuwafanya wengine wote watupe karata zao kabla ya kufika mwisho, na hapo mshindi halazimiki kumwonyesha mtu yeyote alichokuwa nacho. Anayeanza huitazama njia ya kwanza peke yake, na hilo ndilo linalomgharimu zaidi kuliko kutojua kanuni yoyote.

Karata zipi hutumika, na majina yake ni yapi?

Hutumika karata 52 za kawaida, bila jokari. Aina ni nne: kopa, uru, shupaza na pau, na hakuna aina iliyo kubwa kuliko nyingine, wala hakuna turufu. Mtu aliyezoea michezo ya turufu huchukua muda kulizoea hilo. Kwa thamani, kubwa ni A, ambayo watu wa pwani huiita ree, kisha mfalme, malkia na ghulamu, yaani K, Q na J, halafu 10 kushuka hadi 2. Ree ina upekee mmoja: katika mfuatano inaweza kukaa juu ya mfalme au chini ya 2, lakini haiwezi kuwa katikati, hivyo K, A, 2, 3, 4 si mfuatano.

Mkono mmoja huchezwaje tangu mwanzo hadi mwisho?

Mbele ya mchezaji mmoja huwekwa alama ya mgawaji, ambayo husogezwa mtu mmoja kuelekea kushoto kila mkono unapokwisha. Mtu wa kwanza kushoto kwa alama hiyo huweka dau dogo la lazima, na anayemfuata huweka dau kubwa la lazima, ambalo kwa kawaida ni mara mbili ya dogo. Madau haya hutolewa kabla ya mtu kuona karata zake. Bila hayo, kila mtu angeweza kukaa akisubiri jozi ya ree hadi usiku uishe, na kusingekuwa na mchezo.

Baada ya karata kuchanganywa na kukatwa, kila mchezaji hupewa karata mbili kifudifudi. Zamu ya kwanza ya madau huanzia kwa aliye kushoto kwa dau kubwa. Yeye anaweza kutupa karata zake, kulipia dau lililopo, au kulipandisha. Kupandisha kuna kiwango cha chini: nyongeza haiwezi kuwa ndogo kuliko nyongeza iliyotangulia. Iwapo dau kubwa la lazima ni kete 10 na mtu amelifikisha 30, ameongeza 20, kwa hiyo anayetaka kupandisha tena lazima alifikishe 50 au zaidi.

Wote waliobaki wakishalingana kwa walichotoa, mgawaji hutupa karata moja ya juu bila kuionyesha, kisha hufunua tatu kwa pamoja. Hizo tatu wachezaji huziita flopu. Zamu ya pili ya madau hufuata, sasa ikianzia kwa mtu wa kwanza aliyebaki kushoto kwa alama ya mgawaji, na katika zamu hii, maadamu hakuna aliyeweka dau, mtu anaweza kupisha bila kulipa chochote. Hutupwa karata nyingine, hufunuliwa ya nne, na madau huwekwa tena. Kisha hutupwa nyingine tena na kufunuliwa ya tano, ambayo huitwa riva, na baada yake huja zamu ya mwisho ya madau. Karata hizo zinazotupwa zina kazi moja tu, nayo ni kumzuia mtu aliyeiona au kuitia alama karata ya juu asinufaike nayo.

Wakiwapo wachezaji wawili tu, utaratibu hugeuka kidogo: mwenye alama ya mgawaji ndiye anayeweka dau dogo, naye huanza katika zamu ya kwanza, lakini huwa wa mwisho katika zamu zote zinazofuata.

Ipi inashinda ipi?

Kuanzia juu: mfuatano wa aina moja, kama 5, 6, 7, 8 na 9 zote za uru, nne za thamani moja, tatu za thamani moja pamoja na jozi, flashi, yaani tano za aina moja zisizofuatana, mfuatano wa aina mchanganyiko, tatu za thamani moja, jozi mbili, jozi moja, na mwisho karata kubwa tu pasipo chochote. Mfuatano wa aina moja unaoishia kwenye ree ndio mkubwa kuliko wote.

Wengi husahau kama flashi inaushinda mfuatano au mfuatano unaishinda flashi. Hakuna haja ya kukariri kwa nguvu, kwa kuwa mpangilio huu umejengwa juu ya uadimu. Kutoka karata 52 mtu anaweza kuchagua tano kwa njia 2,598,960. Kati ya hizo, zinazotoa flashi ni 5,108 na zinazotoa mfuatano wa kawaida ni 10,200. Flashi ni adimu zaidi, basi ni kubwa zaidi. Jozi moja hupatikana kwa njia 1,098,240, na ndiyo maana iko karibu na chini, ingawa anayeanza akiipata huiona kama zawadi.

Wawili wakiwa na jozi ileile, nani anashinda?

Hutazamwa karata zilizobaki katika zile tano bora. Tuseme mezani pana K, J, 9, 4 na 2 za aina mchanganyiko. Mchezaji wa kwanza ana K na Q, wa pili ana K na 7. Wote wana jozi ya wafalme, lakini tano za wa kwanza ni K, K, Q, J, 9, na za wa pili ni K, K, J, 9, 7. Malkia ndiye anayeamua, na wa kwanza huchukua fungu lote.

Sasa badilisha meza iwe A, K, J, 9 na 4, na wachezaji wawe na K-6 na K-3. Tano za wote ni K, K, A, J, 9. Karata ya sita haihesabiwi, hivyo 6 haina uwezo wowote dhidi ya 3, na fungu hugawanywa sawasawa. Swali hili huzua ugomvi zaidi kuliko mengine yote kwenye meza za wanaoanza, na jibu lake ni lilelile daima: hesabu tano, kisha simama. Inaweza hata kutokea kwamba tano bora za kila mtu ni zile zile zilizo mezani, na hapo wote waliobaki hugawana.

Je, ni lazima nitumie karata zangu zote mbili?

Katika poka ya Texas si lazima. Unaweza kutumia mbili, moja, au usitumie hata moja.

Nianze kucheza na karata gani?

Michanganyiko ya karata mbili za kuanzia ni 1,326, na ukipuuza majina ya aina na kubakiza tu kama zinafanana aina au hazifanani, inapungua hadi 169. Nyingi katika hizo 169 zinafaa kutupwa. Kauli hiyo huwaudhi watu waliokuja kucheza na si kutazama, lakini mwalimu asiyeisema anamdanganya mwanafunzi wake. Kwenye meza ya watu tisa, anayeanza atakuwa salama akicheza takribani mkono mmoja kati ya mitano au sita: jozi, ree pamoja na karata ya picha, karata mbili za picha, na mara mojamoja karata zinazofuatana zikiwa za aina moja, kama 9 na 8 za kopa.

Takwimu husaidia kutuliza matarajio. Jozi ya aina yoyote huja mara 1 katika mikono 17, na jozi ya ree mara 1 katika mikono 221. Mwenye jozi ndogo hupata ya tatu kwenye flopu kwa asilimia 12 hivi. Mwenye A na K, ambazo ni nzuri kwelikweli, huambulia angalau jozi kwenye flopu karibu mara moja tu kati ya tatu. Maana yake ni kwamba hata karata nzuri mara nyingi hufika katikati ya mkono zikiwa hazina kitu, na mtu asiyeweza kuziachia A na K zake baada ya flopu ya 8, 7 na 6 atalipia ukaidi huo.

Kwa nini wachezaji wazoefu husema mahali pa kukaa ni muhimu kuliko karata?

Kwa sababu anayeamua mwisho ameshaona walichofanya wengine. Aliye kwenye alama ya mgawaji huwa wa mwisho katika zamu tatu kati ya nne. Watu wote wakipisha, amepata habari bila kulipa. Mtu akipandisha, amepata habari nyingine. Aliye mbele huamua gizani. Kwa hiyo K na 10, ambazo zinafaa kutupwa unapokuwa wa kwanza kuamua kati ya watu tisa, zinaweza kupandishiwa dau kwa utulivu unapokuwa mgawaji na wote waliotangulia wamejitoa. Karata ni zilezile; kilichobadilika ni idadi ya watu ambao bado hujawasikia.

Nitajuaje kama inafaa kulipia dau?

Linganisha vitu viwili: bei unayotozwa na uwezekano wa kushinda. Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Una A na 9 za kopa. Flopu ni K ya kopa, 4 ya kopa na 7 ya pau. Unahitaji kopa moja zaidi ili upate flashi kubwa kuliko zote. Kopa ziko 13, wewe unaziona nne, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 47. Uwezekano wa kopa kuja katika karata inayofuata ni 9 kati ya 47, yaani asilimia 19. Ukihakikishiwa kuziona karata zote mbili zilizobaki, uwezekano hupanda hadi asilimia 35.

Fungu lina kete 200, na mwenzako ameweka 100. Ukilipa 100, unawania fungu ambalo pamoja na kete zako litakuwa 400. Unalipia robo ya fungu, asilimia 25, ili kupata kitu chenye uwezekano wa asilimia 19 katika karata inayofuata. Bei hiyo ni ghali, isipokuwa uwe na sababu ya kuamini kwamba kopa ikija mwenzako ataendelea kukulipa. Angeweka 50 badala ya 100, ungelipa 50 kuwania 300, ambayo ni chini kidogo ya asilimia 17, na hapo kulipia ni sahihi.

Kuna njia ya mkato kwa wasiopenda kugawanya wakiwa mezani: hesabu karata zinazokufaa, zidisha kwa 2 ikiwa unasubiri karata moja, au kwa 4 ikiwa umehakikishiwa mbili. Kopa 9 zitakupa 18 na 36, namba zilizo karibu vya kutosha na ukweli. Kosa la kawaida ni kuzidisha kwa 4 huku ukijua kwamba mwenzako atakutoza tena kabla ya karata ya tano.

Kuzuga kuna sehemu gani?

Kuzuga, yaani kuweka dau kana kwamba una karata nzuri ili wengine watupe zao, ni sehemu halali ya mchezo, lakini ni ndogo kuliko inavyoonyeshwa kwenye sinema. Uzugaji unaofaa husimulia kisa kinacholingana na yaliyotokea: mtu aliyepisha mara mbili, kisha akaweka dau kubwa baada ya 2 ya pau isiyomfaa mtu yeyote, hasadikiki. Ni afadhali kuzuga ukiwa na karata zinazoweza kuimarika, kama zile kopa nne za mfano uliopita, kwa sababu hata ukilipiwa bado una asilimia zako. Na usimzuge mtu ambaye hatupi karata. Kwenye meza za nyumbani watu wa namna hiyo ndio wengi, nao hawashindwi kwa ujanja; hushindwa kwa kusubiriwa.

Nikiishiwa kete katikati ya mkono, je, natolewa?

Hutolewi. Unaweza kuweka zote zilizobaki na kusubiri mwisho, ila utashinda tu sehemu inayolingana na ulichotoa. Tuseme mmoja ana kete 300 na wawili wana 1,000 kila mmoja, na wote watatu wameweka zote. Fungu kuu ni 900, ambalo watatu wote wanaliwania. Zile 700 za ziada za kila mmoja wa wale wawili huunda fungu la pembeni la 1,400, ambalo mwenye 300 hana haki nalo hata akiwa na karata bora.

Je, huu si mchezo wa bahati tu?

Kwa mkono mmoja, bahati ni kubwa mno. Jozi ya ree dhidi ya jozi ya wafalme hushinda karibu mara nne kati ya tano kabla ya flopu, na hiyo moja iliyobaki huja bila kubisha hodi. Kwa maelfu ya mikono, tofauti ya uamuzi hujitokeza. Mwaka 2017 huko Pittsburgh, programu ya Libratus iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilicheza mikono 120,000 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa, kila mmoja peke yake, na iliwashinda wote kwa jumla. Mchezo wa bahati tupu usingekuwa na mshindi wa namna hiyo. Hata hivyo ilihitajika mikono 120,000 ili matokeo yaaminike, na mtu anayejisifu kwa ushindi wa Jumamosi moja angepaswa kuikumbuka namba hiyo.

Mchezo huu ulitoka wapi?

Bunge la jimbo la Texas lilitambua rasmi mwaka 2007 kwamba chimbuko lake ni mji mdogo wa Robstown, mwanzoni mwa karne ya 20. Uliingia Las Vegas katika miaka ya 1960, na mwaka 1970 Benny Binion aliwakusanya wachezaji katika kasino yake ya Horseshoe kwa mashindano ambayo leo hujulikana kama World Series of Poker. Mwaka huo wa kwanza mshindi, Johnny Moss, alichaguliwa kwa kura ya wenzake. Mashindano ya kucheza hadi abaki mmoja yalianza mwaka uliofuata. Umaarufu wa dunia nzima ulikuja baada ya 2003, pale Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi yake kupitia shindano dogo la intaneti, alipowashinda wenzake katika kundi la washiriki 839 na kuondoka na dola milioni 2.5.

Poka ya Omaha ina tofauti gani?

Kila mchezaji hupewa karata nne badala ya mbili, na lazima atumie mbili kamili kutoka mkononi na tatu kamili kutoka mezani. Neno lazima ndilo linalowanasa waliotoka poka ya Texas. Mezani pakiwa na kopa nne na wewe ukawa na ree ya kopa peke yake, huna flashi. Jifunze Omaha baada ya Texas, si sambamba nayo.

Sheria na dini zinasemaje?

Kucheza kwa vizibo ni jambo moja, kucheza kwa fedha ni jingine. Tanzania, michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi. Uganda, sheria ya mwaka 2016 imeweka umri wa chini kuwa miaka 25. Mwenye nyumba anayekata sehemu ya kila fungu bila leseni anaendesha biashara ya kamari, hata akiiita burudani ya marafiki. Kwa Muislamu, kamari imekatazwa waziwazi katika Sura ya al-Maida, aya ya 90. Kuhusu kucheza karata pasipo dau lolote, ni bora amuulize mwanachuoni anayemwamini kuliko kutegemea ukurasa huu.

Ni adabu gani natakiwa kuzifuata mezani?

Subiri zamu yako, kwa sababu anayetangaza kujitoa kabla ya zamu humpa habari mtu asiyestahili kuipata. Tamka dau lako mara moja, au lisogeze lote kwa pamoja. Kuweka kete kidogo, kutazama nyuso, kisha kuongeza ni kosa. Usizungumzie karata ulizotupa wakati mkono unaendelea. Na ukijua umeshinda, fungua karata upesi, maana kumchelewesha mwenzako ili afurahi bure ni jambo linalochukiwa kuliko kuzuga kokote.

Tunaweza kuanzaje nyumbani?

Watu sita wanatosha sana. Kila mmoja apewe vizibo 50, madau ya lazima yawe 1 na 2, na kwa mikono 20 ya kwanza wote wacheze karata zikiwa wazi, huku kila mmoja akieleza kwa sauti kwa nini analipia au anatupa. Katika hatua hiyo makosa ya kusoma mpangilio hujitokeza na kusahihishwa bila aibu. Baada ya hapo zifunikwe, na kila nusu saa madau ya lazima yaongezwe mara mbili ili mchezo uishe kabla ya chakula cha usiku. Anayetolewa mapema akabidhiwe kazi ya kugawa karata, kwa kuwa kutoka kwenye kiti hicho ataona mikono mingi kuliko alivyoiona alipokuwa akicheza.